Tuling'oa visiki vya Ziwa Nzilo, na kisiwa cha wakwe zangu kikabaki bila watu

Wakuu, habari za humu ndani.

Mimi ni msomaji wa kimya wa jukwaa hili, huu mwaka wa nne. Juzi nimeona kijana mmoja anauliza kama inalipa kuacha mshahara wa mjini ukaishi kisiwani, ule samaki, ulale kwa amani. Wengine wamemjibu vizuri, wengine wamemcheka. Nikaanza kumjibu kulekule, maneno yakazidi, nikaona bora nifungue uzi wangu.

Ninayoandika yamenipata mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi. Picha sina, wale wa "bila picha hatuamini" mnisamehe. Wakati ule mtu alipigwa picha ya kitambulisho na ya harusi, basi.

Nimekaa kimya miaka mingi kwa sababu jambo lenyewe linamgusa mtu ambaye sikutaka aaibike. Mtu huyo hayupo tena.

Twende taratibu.

Nilizaliwa Kolwezi, commune ya Dilala, kwenye nyumba za kampuni ya migodi. Ninayosimulia ni ya enzi za Zaïre, mkoa ukiitwa Shaba. Sasa naishi Tunduma kwa binti yangu, ndiyo maana Kiswahili changu kimenyooka kidogo. Cha kwetu wengine mngekimbia.

Maisha ya kambi ya kampuni yalikwenda kwa king'ora, sisi tuliita sirène. Sirène ya kuamka, sirène ya kuingia kazini, sirène ya kutoka. Unga ulitoka kampuni, maji ya bomba kampuni, hata jeneza la baba yangu lilitoka kampuni. Nami nilipokua nikaingia hapohapo, nikawa fundi wa atelier, yaani karakana. Kazi yangu ilikuwa kamba za chuma na winchi. Kitu chochote kizito kikikwama, mnaniita mimi.

Mke wangu aliitwa Monga. Nilimkuta sokoni Dilala akiuza samaki wa kukaushwa pamoja na shangazi yake. Nilinunua samaki siku hiyo, kesho yake, na keshokutwa yake, mpaka mama yangu akauliza kama nimefuga paka.

Monga alitoka kisiwa kimoja cha Ziwa Nzilo, kinaitwa Katobwe. Kutoka Kolwezi unapanda lori mpaka ufukweni, na kama mvua imenyesha lori linaweza kulala njiani. Halafu mtumbwi, saa mbili za kupiga kasia.

Tulikaa kambini miaka minne na hakuizoea hata siku moja. Hakuwa mlalamishi. Lakini jioni alikuwa anakaa mlangoni, anatazama upande wa kaskazini ambako hakuna cha kutazama isipokuwa ukuta wa jirani.

Siku moja nikamuuliza anaona nini kule. Akasema: "Hapa hata kulala, ni sirène njo inasema. Kwetu bantu banalala juu ya usingizi."

Yaani kwao watu wanalala kwa sababu wana usingizi. Nilicheka sana. Sikujua kuwa ndiyo kilio chenyewe.

Kazi zikapungua. Atelier yetu ikafungwa, tukaambiwa tungoje tutaitwa. Nilingoja miezi sita. Monga alikuwa ameanza kubeba mimba, akanishika mkono akasema twende kwao, mtoto akazaliwe huko. Nikaona sina cha kupoteza. Chef wangu wa atelier, yaani mkuu wangu wa kazi, aliniruhusu kuchukua winchi moja ya mkono iliyokuwa imetupwa kwenye chuma chakavu, na kamba yake. Kwa fundi ile ilikuwa zawadi kubwa, niliipenda kuliko saa ya mkononi.

Sasa nikieleze kisiwa, na hapa mnivumilie, maana nikianza kukiongelea siachi.

Katobwe haikuwa na kitu, wakuu. Kaya ishirini na kitu, nyumba za udongo, mihogo imeanikwa juu ya mawe. Duka hakuna. Shule hakuna. Zahanati ndiyo usiseme. Chumvi ikiisha mnakula bukari na samaki bila chumvi mpaka lori lije. Bukari ndiyo ugali wenu.

Lakini mashati yangu yote yalinukia moshi wa samaki, na mpaka leo nikipita penye samaki wa kukaushwa nasimama. Asubuhi wanawake wanaongea toka mtumbwi mpaka mtumbwi bila kuinua sauti, maji yanaibeba sauti yenyewe. Mwili wangu uliendelea kuamka saa kumi na moja kwa sirène isiyokuwepo. Najikuta nimekaa kitandani nasikiliza, hakuna kitu, Monga amelala kwa usingizi wake. Nalala tena. Raha ile sijaipata mahali pengine popote.

Halafu kulikuwa na visiki.

Ziwa Nzilo si ziwa la asili. Mto Lualaba ulizibwa kwa ajili ya umeme nikiwa mtoto, bonde likajaa maji, na mashamba ya watu yakazama na miti yake. Miti ikafa imesimama. Mbele ya Katobwe, upande wa kutua mitumbwi, kulikuwa na mamia ya visiki vimetokeza juu ya maji.

Kila kisiki kilikuwa na jina la mtu aliyelima pale zamani. Ukipita na mtumbwi unakigonga kwa kasia mara mbili na kusema: "Kwa Mama Mujinga, tunapita." "Kwa Tata Kyungu, tunapita." Mara ya kwanza nilidhani wananifanyia mzaha mtu wa mjini. Baada ya miezi mitatu nikajikuta niko peke yangu majini, nagonga na kusema. Nikaona aibu, halafu nikaona mbona ni vizuri tu.

Kazi ilikuwa imegawanyika. Wanaume walivua kwa nyavu huko maji ya wazi. Wanawake walitega migono, ile mitego ya kusuka kwa fito, katikati ya visiki. Mkubwa wa wanawake wa migono alikuwa mama mkwe wangu, Mama Kibawa, na neno lolote la migono yeye ndiye aliyewasemea.

Hapa lazima nieleze desturi, maana ndiyo kiini. Kwa watu wa kule, mkwe wa kiume na mama mkwe hawaongei ana kwa ana. Ni heshima kubwa. Akipita njia hii, wewe unashika ile. Ukiwa na neno naye, unampa mkeo apeleke. Akiwa na neno nawe, anampa binti yake alete. Kwa hiyo mimi na Mama Kibawa tuliishi kisiwa kimoja miaka mitatu, na sauti yake niliisikia kwa mbali tu, kama mtu anavyosikia redio ya jirani.

Mnunuzi wetu alikuwa Tata (yaani Mzee) Ramazani, Mwislamu mfanyabiashara, ukoo wake wa Kasongo huko Maniema. Mtu wa maneno machache, lori lake bovu kuliko yote Shaba. Alikuja ufukweni kila baada ya wiki mbili.

Siku moja akaniambia: "Kama samaki ingekuwa mingi, mi ningekuya kila juma. Ningejenga na magazini hapa ku ngambo. Magazini ikikuwa, bantu banakuya. Bantu bakikuwa, mwalimu anakuya."

Magazini ni duka. Wakuu, nilirudi kisiwani nikiwa tayari naliona duka, shule, na mtoto wangu ambaye hata hajazaliwa amebeba daftari. Monga nilipomweleza alikaa chini. Hiyo ndiyo dua yake yote: mtoto akue kwao, na mimi nisichoke nikamrudisha kambini.

Nikajiuliza, samaki hawatoshi kwa nini? Jibu nikaliona haraka, maana mimi ni fundi. Wanaume hawawezi kukokota juya refu karibu na kisiwa kwa sababu visiki vinachana nyavu. Kwetu atelier, kitu kikiwa njiani kwanza unakiondoa, ndipo kazi inaanza. Na winchi ninayo.

Mnaona ninakoelekea.

Wakati huohuo Tata Ramazani akaniletea barua. Rafiki yangu wa atelier anaandika kwamba wanafungua tena, na chef ananitaja kwa jina. Nilimsomea Monga barua ile kwa sauti ya mtu anayetafutwa. Kisha nikasema kwa kiburi: "Najaribu hii kazi ya visiki. Ikikataliwa au ikishindikana, tunafunga mizigo tunarudi Dilala."

Alichukua ndoo akaenda majini.

Mkutano ulikuwa wa wanaume. Baba mkwe, Tata Kalenga, alisema sentensi moja tu: "Ile miti iko na benyewe." Ina wenyewe. Mwingine akamjibu kwamba wenyewe ni sisi, na sisi tunataka magazini. Watu wakacheka, Tata Kalenga naye akacheka, yakaisha. Mkuu wa kijiji akafurahi kuliko wote. Enzi zile kila Jumamosi ilikuwa salongo, kazi ya lazima ya umma, na yeye alishachoka kutufagilisha njia ambayo haina gari. Akasema salongo sasa ni visiki.

Tulianza kiangazi, maji yamepungua. Winchi nikaifunga kwenye mwamba. Wanaume wanaimba, mimi nazungusha, kamba inakaza, kisiki kinalia, halafu kinang'oka na matope yake. Nilisikia utamu ambao sikuwa nimeusikia tangu atelier ifungwe. Waliniita Ingénieur. Nami nikaitika.

Mara mbili nilimwona Mama Kibawa amesimama kwa mbali pamoja na Monga, anaongea naye, mkono wake unaonyesha majini.

Mara ya kwanza nikamuuliza Monga: mama anasema nini?

"Anasema muchunge kamba, isikate mutu."

Nikasema mama ana akili, nikawasogeza watu nyuma ya kamba.

Mara ya pili, kama wiki mbili baadaye, Mama Kibawa aliongea muda mrefu zaidi. Nikauliza tena.

"Anasema kazi iko muzuri, lakini mupumzike."

Basi siku hiyo tukapumzika saa nzima. Nilijisikia mkwe bora Zaïre nzima.

Kiangazi kilipokwisha, mbele ya Katobwe maji yalikuwa wazi kama uwanja wa mpira. Tukatupa juya. Wakuu, lilikuja zito mpaka tukaita wanawake watusaidie kuvuta. Samaki waliozoea kujificha hawakuwa na pa kukimbilia. Tukakausha mchana kutwa, kuni tunazo, zilezile za visiki. Tata Ramazani akaanza kuja kila wiki kama alivyosema. Akaleta matofali ufukweni, akachimba msingi wa duka. Binti yangu akazaliwa kisiwani mwezi huo, Monga akamwogesha kwenye maji ya kwao, na niliona uso wa mke wangu jinsi ulivyokuwa kabla sijamwoa.

Huo ulikuwa msimu mmoja.

Msimu wa pili juya lilikuja na majani. Tukasema ni upepo. Tukasogea mbele, tukasogea pembeni. Majani. Wanawake walikwenda na migono wakarudi nayo mitupu, na hakuna aliyenisemesha, walikuwa wakipita tu.

Ukweli wake ni mwepesi na kila mwanamke wa pale aliujua. Samaki walitaga penye visiki. Vitoto vyao vilikulia pale, kwenye kivuli na ule utelezi wa mti uliooza. Wanaume hawakujua kwa sababu visiki havikuwa kazi yao, wao walivijua kwa kuchana nyavu tu. Nilikuwa nimeng'oa kitalu cha ziwa lote la upande wetu, kwa winchi, kwa nyimbo.

Tata Ramazani alirudi kwenye wiki mbili, halafu mwezi, halafu akaacha. Matofali yake yalibaki ufukweni. Kaya zikaanza kuondoka, nyingine zikaenda kulima kando ya reli huko Kasaji, nyingine Tenke. Hakuna aliyenitukana. Wangenitukana ingekuwa nafuu.

Mwaka wa tatu tukaondoka na sisi.

Siku hiyo mtumbwi umeshapakiwa, Monga amebeba mtoto, baba mkwe ameshika kamba. Mama Kibawa akashuka mpaka majini. Nikageuka upande kama desturi inavyotaka, nikamsikia anakuja tu, hasimami. Akaja akasimama mbele yangu.

Akasema: "Mukwe, mi nilikutumia maneno mara mbili. Nilisema samaki inazaliwa ku ile miti, uache. Juu ya nini haukunisikia?"

Sikuwahi kumwona uso karibu hivyo. Alikuwa amefanana na Monga kabisa.

Nikamtazama Monga. Alikuwa ameinamisha kichwa juu ya mtoto, shingo imekaza, anangoja. Hapo ndipo nilipoelewa. Muchunge kamba. Mupumzike.

Nikasema: "Nilisikia, Mama. Ni mi njo nilikatala."

Mama Kibawa akatikisa kichwa, akarudi nyumbani kwake bila kuaga. Aliongea nami mara hiyo moja tu maishani, na nilimjibu uongo.

Tukasukuma mtumbwi. Monga alichukua kasia la mbele. Tulipofika pale palipokuwa kwa Mama Mujinga akainua kasia, hakukuta pa kugonga. Akagonga ubavu wa mtumbwi mara mbili, akasema, "Tunapita." Akafanya hivyo kwa kila jina mpaka yakaisha. Mimi nilikuwa nyuma, sikuweza kusema hata moja.

Tuliishi pamoja miaka mingi baada ya hapo. Kolwezi tena, halafu mambo ya kazi yakatuleta huku mpakani. Hatukuizungumza siku ile hata mara moja. Nilikuwa nangoja aanze yeye, labda yeye alikuwa anangoja mimi. Alikuwa mke mwema kwangu kupita kiasi, na wakati mwingine wema ule uliniuma, maana nilijua unatoka wapi.

Amenitoka mwaka juzi. Siku za mwisho aliongea Kiswahili cha kwao tupu, anauliza kama maji yamepanda.

Sasa wakuu, niseme kile kilichonifanya nifungue uzi huu.

Ile barua ya atelier niliijibu. Niliandika siku ileile niliyomsomea Monga, nikampa Tata Ramazani apeleke Kolwezi. Niliandika kwamba namshukuru chef, lakini sirudi. Nimepata kwetu.

Nilikuwa nimeshakipenda kile kisiwa kuliko hata Monga mwenyewe. Nisingeondoka, visiki vikubaliwe visikubaliwe. Yale maneno ya kufunga mizigo nilimtisha tu, ili anione ni mwanaume anayetafutwa mjini. Na yeye aliyaamini. Akaona akinifikishia neno la mama yake kazi itakufa, na kazi ikifa anarudi kukaa mlangoni kutazama ukuta. Akalizuia neno ili abaki kwao.

Kwa hiyo pale ufukweni niliposema ni mimi niliyekataa, wakati ule nilidhani namfichia mke wangu kosa lake. Nimechukua miaka mingi kuona kwamba kosa lilikuwa langu kweli. Na sikumwambia kuhusu ile barua. Nilikuwa na miaka yote ile, usiku na mchana, na sikumwambia. Amekufa akiamini kwamba yeye ndiye aliyekiua kisiwa cha mama yake.

Kijana uliyeuliza: kisiwani panalipa. Panalipa sana. Ukifika kaa kwanza, usiguse kitu mpaka umewauliza wanawake, na kama desturi inasema usiongee nao, basi tafuta mjumbe wa pili. Na mjumbe wako wa kwanza, yule unayelala naye, usimtishe hata kwa utani, maana akiogopa atakuletea maneno unayotaka kuyasikia.

Nina maswali mawili, mnisaidie.

La kwanza ni kwa wadau wa Kolwezi na vijiji vya Nzilo. Upande wa kaskazini wa Katobwe kulikuwa na visiki kama thelathini ambavyo kamba yangu haikufika. Je, bado vipo? Na kuna mtu anayevigonga?

La pili ni la yeyote. Binti yangu, yule aliyeogeshwa kwenye maji ya kule, anadhani bibi yake aligombana nami kwa sababu ya kiburi changu. Nimwambie yote, au nimwachie mama yake kama anavyomkumbuka? Yuko chumba cha pili anapika, na nimesikia harufu ya samaki.

Karibuni, nasoma kila jibu.